Kamera ikiwa macho ya mhusika, mbona filamu inachosha?

Wakuu, jana nimetazama Lady in the Lake ya 1947. Karibu yote unaiona kwa macho ya mpelelezi. Sura yake inatokea kwenye kioo, au pale anapokaa mezani kutuhutubia. Nusu saa tu nikachoka. Ila gemu za mtindo huohuo nakesha nazo! Kwa nini?

— Mkuu, kwenye gemu shingo ni yako. Mlango ukilia nyuma, unageuka mwenyewe. Kwenye filamu unageuzwa, kama mtoto wa mgongoni.

— Halafu lile busu linaloijia lenzi! Nilicheka peke yangu.

— Gemu ya Half-Life (1998) haikutoi machoni mwa mhusika wake mkuu, Gordon Freeman, na jamaa haongei kabisa. Huyo mpelelezi wa filamu anaongea, kwa hiyo unajua si wewe.

— Hilo la shingo limenikaa. Narudia gemu leo.