Kahawa iliyoondolewa kafeini au ya kawaida: mzee mwenye presha nimchagulie ipi?

Binti wa Marangu (Arusha) ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari zenu.

Ninaishi Arusha, wazazi wangu wako Marangu. Baba ana miaka 71 na anatumia dawa za presha. Tangu nimfahamu ni mnywaji wa kahawa, tena kahawa ya shambani kwake mwenyewe, ambayo mama huikaanga kwa kuni hadi inakaribia kuwa nyeusi, akaitwanga na kuichemsha kwenye birika pamoja na tangawizi. Baba hunywa asubuhi kabla ya kwenda kukata majani ya ng'ombe, hunywa tena mchana, na birika la usiku ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa majirani hufika kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili na hakuna anayeondoka bila kunywa. Sasa analalamika kwamba usingizi humruka katikati ya usiku asiupate tena, na kwamba kiungulia kinamsumbua. Daktari alimwambia apunguze kafeini, lakini hakumweleza apunguze kwa kiasi gani wala kwa njia ipi.

Katika duka moja kubwa hapa mjini nimeona kahawa iliyoondolewa kafeini, iliyotengenezwa ng'ambo, na bei yake si ya mchezo. Kabla sijanunua ningependa kueleweshwa kama kafeini huwa imetoka yote, na kama ni kweli kwamba huondolewa kwa kemikali zenye madhara. Mama kwa upande wake anashikilia kwamba hakuna haja ya kununua chochote, kwa sababu kahawa ikikaangwa sana nguvu yake huungua. Na mzee ameshatamka kwamba hanywi kahawa ya watu wengine ilhali ya kwake imejaa ghalani. Je, kuna mahali hapa kwetu ambapo buni yetu wenyewe inaweza kuondolewa kafeini?

Mkaanga Buni (Moshi) amejibu:

Dada, salaam kutoka Moshi. Kukaanga kahawa ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nitajibu yanayohusu kahawa yenyewe, na mambo ya presha nitawaachia wenye taaluma yao.

Nianze na hoja ya mama, kwa maana hata wateja wangu wengi wanaiamini. Kukaanga hadi nyeusi hakuondoi kafeini. Kinachoungua ni sukari na asidi zilizomo ndani ya punje, ndiyo sababu ladha hubadilika na kuwa chungu, lakini kafeini hustahimili moto ule na karibu yote hubaki. Kinachoamua kiasi chake ni aina ya mbuni na kipimo cha unga unaotia kwenye birika. Arabika, ambayo ndiyo kahawa yetu ya Kilimanjaro na Arusha, ina kafeini ya takriban asilimia 1.2 ya uzito wake, na robusta inayolimwa kwa wingi Kagera ina takriban asilimia 2.2. Ukipima unga wa gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chakula kisichojaa sana, arabika itakuwa na kafeini ya miligramu 60 hivi na robusta miligramu 110. Ninakutajia hesabu hii kwa sababu nimeona watu wakiiacha arabika ya nyumbani kwa kuiogopa, kisha wakanunua pakiti ya bei nafuu iliyochanganywa na robusta, wakaishia kunywa kafeini nyingi kuliko mwanzo.

Ama kuhusu kahawa iliyoondolewa kafeini, haitoki yote. Sheria za nchi za Ulaya kama Ujerumani zinataka kahawa ya aina hiyo, ikishakaangwa, isizidi kafeini ya asilimia 0.1. Kwa kijiko kilekile cha gramu 5, hiyo ni miligramu 5 kwa wingi wake. Kwa mtu anayetafuta usingizi hicho ni kiasi kidogo sana, ingawa si sifuri.

Kafeini huondolewa buni ikiwa bado mbichi, kabla ya kukaangwa. Punje hulowanishwa kwa maji au mvuke hadi zivimbe, ndipo kafeini inapoweza kutoka, na njia zinatofautiana katika kinachotumika kuivuta. Mfanyabiashara Mjerumani wa Bremen, Ludwig Roselius, aliyeanzisha biashara hii mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia benzini, ambayo baadaye ilithibitika kusababisha saratani, na nadhani sifa mbaya ya kahawa hii ilianzia hapo. Benzini iliachwa zamani. Viyeyushi vinavyotumika siku hizi ni viwili: ethili asetati, ambayo hupatikana pia katika matunda yaliyoiva, na dikloromethani, ambayo ndiyo inayobishaniwa. Dikloromethani ni hatari kwa mfanyakazi anayeivuta hewani kiwandani, hilo halina ubishi. Hata hivyo, huchemka na kuruka kwenye nyuzijoto 40 hivi, wakati kikaangio changu hupita 200, na Marekani hairuhusu masalio yake yazidi sehemu 10 kwa milioni katika kahawa iliyokaangwa. Mimi binafsi singemnyima mzee wangu kwa ajili ya hofu hiyo, lakini kama moyo wako hautulii, tafuta pakiti iliyoandikwa kwamba kafeini imeondolewa kwa maji, ambapo kinachoinasa ni mkaa maalumu, au kwa gesi ya kaboni dioksidi iliyoshindiliwa kwa mgandamizo mkubwa. Mtengenezaji aliyetumia njia hizo hulipia gharama kubwa, na ni nadra kukaa kimya juu yake.

Kuhusu buni yenu wenyewe, jibu langu ni kwamba uliache wazo hilo. Mitambo ya kazi hii ni mikubwa na huendeshwa kwa tani, si kwa magunia mawili ya ghalani, na mimi ninayekaanga hapa sina chombo cha kunisaidia. Sehemu ya faida ya wenye mitambo hiyo hutokana pia na kuiuza ile kafeini iliyotolewa kwa watengenezaji wa soda na dawa.

Mstaafu wa Kijiweni (Arusha) amejibu:

Wanangu, mnamzungusha mzee bure. Mtu aliyekunywa kahawa ya shamba lake kwa miaka hamsini hawezi kufurahia unga wa kopo, na akilazimishwa atakwenda kunywa kwa jirani. Aendelee na kahawa yake asubuhi na mchana kama kawaida, birika la usiku liondolewe, na badala yake apewe chai. Fedha ya kopo inunue sukari.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku (Moshi) amejibu:

Mzee wangu shikamoo. Wazo la kuanza na birika la usiku ninaliunga mkono, lakini chai haitamwokoa, kwa kuwa kikombe cha chai ya rangi iliyokolea kina kafeini ya miligramu 40 hadi 50, na mzee wa kawaida hanywi kikombe kimoja. Kama ni lazima awe na kinywaji cha moto mkononi, tangawizi iliyochemshwa bila majani ya chai au mchaichai vitafaa zaidi.

Mdogo wangu wa Marangu, muda ndio unaopaswa kuutazama kwanza. Kwa mtu mzima nusu ya kafeini aliyokunywa huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano, na wapo ambao kwao huchukua muda mrefu zaidi kwa sababu ini lao huivunja polepole au kwa sababu wanatumia dawa fulani. Siprofloksasini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria, kwa mfano, huichelewesha waziwazi. Kwa hiyo alichokunywa wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili, nusu yake bado inafanya kazi saa saba usiku. Hata cha alasiri si cha kupuuza: utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa moja. Kiasi hichohicho cha miligramu 400 ndicho ambacho mamlaka za chakula za Ulaya na Marekani hukitaja kuwa hakina shida kwa mtu mzima mwenye afya kwa siku nzima, lakini baba yako ana presha na hapati usingizi, hivyo yeye asikichukulie kuwa lengo.

Kiungulia ni jambo jingine, na hapa ninaomba usije ukatumia fedha nyingi kwa matumaini yasiyo sahihi. Kahawa iliyoondolewa kafeini bado huchochea asidi tumboni, kwa sababu vitu vingine vyote vya kahawa vimo. Huenda akapata nafuu kidogo, huenda asipate kabisa. Vilevile kahawa ya kuchemsha isiyochujwa kwa karatasi, iwe na kafeini au isiwe nayo, hubaki na mafuta ambayo hupandisha lehemu ya damu. Kama vipimo vyake vya lehemu si vizuri, karatasi ya kuchujia itamsaidia kuliko kopo la ng'ambo.

Na tafadhali msimwachishe kwa siku moja. Aliyezoea kafeini akikatizwa ghafla huanza kuumwa kichwa kati ya saa 12 na 24, akawa mzito na mkali kwa watu, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa siku kadhaa.

Binti wa Marangu ameandika:

Ahsanteni sana. Dada Muuguzi, hilo la kichwa limenishtua, kwa sababu mara baada ya kutoka kwa daktari baba aliamua mwenyewe kuacha kabisa, kichwa kikamuuma hadi akadhani presha imepanda, naye akawa anameza vidonge viwili vya Panadol Extra kila anapokwenda kulala. Kahawa aliirudia, lakini vidonge hajaviacha. Je, vina uhusiano wowote na jambo hili?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku (Moshi) amejibu:

Vina uhusiano mkubwa. Kila kidonge cha Panadol Extra kina parasetamoli miligramu 500 pamoja na kafeini miligramu 65, na imeandikwa kwenye pakiti. Vidonge viwili ni miligramu 130, yaani zaidi ya vijiko viwili vya unga wa arabika alivyovipima Mkaanga Buni, tena anavimeza akiwa tayari kitandani. Ndiyo maana kichwa kilitulia na usingizi ukazidi kuharibika. Ukifika nyumbani anza na hivyo kabla ya kugusa birika. Kichwa kikimuuma, atumie parasetamoli ya kawaida isiyo na kafeini, na kama maumivu hayo ni ya kila siku, daktari wake aambiwe.

Baada ya hapo, apunguze kahawa kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu akianzia usiku, huku mkiandika vipimo vya presha. Siku ya kupima asinywe kahawa katika nusu saa ya kabla ya kipimo, kwa sababu kafeini huipandisha presha kwa muda na mtasoma namba isiyo yake.

Mkaanga Buni (Moshi) ameongeza:

Kwa mpango huo sioni sababu ya kununua kopo la unga unaoyeyuka. Asubuhi mwachieni arabika yake, kwa kipimo cha kijiko badala ya kiganja cha mama. Kwa ajili ya usiku tafuteni kahawa iliyoondolewa kafeini ikiwa bado ni punje, iliyokwisha kukaangwa, ili mama aitwange na kuichemsha kwa tangawizi katika birika lilelile. Akianza kwa kuchanganya nusu ya hiyo na nusu ya kahawa ya ghalani, mzee hatapata la kulalamikia, na kila wiki nusu ya ghalani inaweza kupungua. Mwambie mama tu kwamba punje hizo ni laini kwenye kinu kuliko za kwake, na unga ukiwa vumbi kahawa itakuwa chungu na itajaa machicha, kwa hiyo asiitwange sana.

Mstaafu wa Kijiweni (Arusha) amejibu:

Hilo la kuchanganya ninalikubali, ila mzee aambiwe kilichomo. Majirani wakigundua kabla yake, hakuna atakayelala nyumba ile.