ETI "M NI M, DADA"! MBELE YA MAMA WA BIBI ARUSI!

Mwana_Mkunguni:
Waungwana wa Amu, naandika mikono inatetemeka. Jina silitaji, mnamjua nyote. Yule wa flashi shingoni kama hirizi, apitaye Langoni hadi Mkomani akijigamba kwamba kompyuta za mji huu zote zinapumua kwa dua yake.

Leo asubuhi kasimama kaunta kwangu, bajia mkononi, mama wa bibi arusi kaketi pale pale akingoja picha za bintiye, akanambia: "M ni M, dada." M NI M!

Mwezi wa saba nilimlipa aniandikie skripti, yaani orodha ya amri kompyuta izifuate yenyewe, ya kukopi picha za siku hiyo kwenda diski ya akiba. Picha zangu zote zina tarehe ndani ya jina, harusi_20250817_044.jpg na kuendelea. Yeye kaandika hivi:

`SIKU=$(date +%Y%M%d)`
`find /picha -name "*$SIKU*" -exec cp -p {} /akiba/ \;`

Itazameni hiyo M. Kwa `date`, amri ya kutaja tarehe na saa, M kubwa ni DAKIKA! Mwezi ni m ndogo. Na kwenye cron, kile kiamshaji cha kompyuta, kaiweka iamke kila usiku saa tano na dakika nane, yaani 23:08. Dakika ya 08! Basi Agosti nzima, mwezi wa 08, mambo yakaenda sawa, diski ikajaa picha, nami nikampelekea halwa ya shukrani. Ilipoingia Septemba, usiku wa tarehe 13 ikatafuta 20250813. Ikakopi upya picha za Agosti juu ya zile zile, za Septemba ikaziacha. Haikutoa kosa, haikulia. Kadi za kamera nikazifuta kama desturi, juzi diski ya laptopu ikafa. Kupamba, hina, nyanya wa bibi arusi akilia kwa furaha: hamna hata moja.

Nimekesha nikiisoma ile skripti mpaka nikaiona M. Nikamwita, nikamwonyesha. Akaweka kidole cha mafuta ya bajia juu ya skrini yangu, papo hapo penye M, akacheka, mama wa watu anatazama: "Kubwa, ndogo, M ni M, dada. Wewe piga picha, kompyuta tuachie wenyewe." Alama ya kidole ipo mpaka sasa. Siifuti!

Tanga_Moja:
Ni yeye yule! Ofisini kwetu kaandika `'*$SIKU*'` kwa alama moja moja badala ya mbili. Find ikawa inatafuta faili lenye alama ya dola na neno SIKU ndani ya jina. Mwaka mzima haikukopi kitu, na pesa kala.

Kibao_Kata:
Dada, pole, lakini Septemba yote hukuifungua hiyo folda ya akiba hata mara moja? Halwa ulipeleka, kuangalia ukasahau?

Mwana_Mkunguni:
Kibao_Kata, mimi nililipa ili nisiangalie! Na hata kama ni kosa langu, ndiyo aniambie M ni M mbele ya mama wa bibi arusi? Bajia mdomoni?

mzee_wa_terminali:
Binti yangu, andika `date +%Y%m%d`. Chini yake weka `echo "$SIKU"` uione kwa macho. Na find iendeshe kwanza kwa `-print`, ukiridhika na orodha ndipo utie cp, amri ya kukopi. Diski iliyokufa usiiguse tena, mpelekee anayejua kuokoa data.

Mwana_Mkunguni:
Ahsante, baba. Nimeitoa laptopu. Lakini kile kidole...

Kolekole_Malindi:
Afadhali nyinyi. Sisi hapa Malindi seva ya hoteli imewekwa saa za UTC, nyuma yetu kwa saa tatu. Skripti inaamka saa saba na nusu usiku, `date` inasema bado ni jana! Mpaka saa tisa usiku, kwake yeye ni jana. Ripoti ya leo haipatikani, meneja anapiga kelele, lawama kwangu.

Tanga_Moja:
Mswahili siku yake inaanza jua likichwa, seva yenu inaanza saa tisa usiku. Mtaelewana vipi?

Mama_Shela:
Hilo la siku ndilo lililoniunguza mimi! Nilimwambia fundi wa friza aje usiku wa Ijumaa. Kila mtu aliyezaliwa kisiwani anajua huo ni Alhamisi jioni. Nikamngoja mpaka isha, hakutokea. Kaja Ijumaa magharibi na sanduku lake, eti "si ulisema usiku wa Ijumaa, mama?" Samaki wote wameoza!

Kibao_Kata:
Mama, fundi huyo mtu wa bara?

Mama_Shela:
Wa hapa hapa, bwana! Ndiyo kinachoniuma!

Mwana_Mkunguni:
Jamani, tulikuwa kwenye M.

Kolekole_Malindi:
Mama Shela, samaki gani hao?

Mama_Shela:
Changu na tasi, mwanangu. Ndoo mbili nzima. Na pesa ya fundi bado anaidai.

Tanga_Moja:
Usimpe hata shilingi! Mimi aliniharibia feni...