Poti 20480 ni ya nani? Wanaoandika C, mnatuchosha!

Wadau, leo nitasema. Nimeachiwa programu ya lugha ya C inayotuma mauzo ya samaki kutoka ufuoni hadi seva yetu hapa Kisumu. Iliandikwa na kampuni fulani ya mjini, siitaji. Walilipwa, tena vizuri, wakaenda zao.

Logi yake (kumbukumbu ya inachofanya) ikawa inasema: "http, poti 20480", poti ikiwa namba ya mlango wa mtandao ambao huduma husikiliza. Jameni, http ya kawaida ni poti 80, sasa http na 20480 wapi na wapi? Na jamaa wa mtandao naye akaamini, akaifungua 20480 kwenye faiawoli, kile kizuizi cha mtandao. Ikabaki wazi hivyo, haina kazi.

Jibu limo kwenye maelezo ya getservbyname, fanksheni ya C inayopewa jina la huduma kama http na kurudisha poti yake, ni suala la kusoma tu: s_port, sehemu yenye hiyo poti, huja kwa mpangilio wa baiti wa mtandao, baiti kubwa mbele. 80 ni 0x0050. Ukiisoma kavukavu kwenye mashine ya Intel, inayoweka baiti ndogo mbele, unapata 0x5000, na hiyo ndiyo 20480. Kuichapisha, ipitishe kwenye ntohs, inayogeuza baiti kutoka mpangilio wa mtandao kwenda wa mashine. Kuiweka kwenye sin_port, sehemu ya anwani inayoshika poti ya kuunganishia, iache ilivyo. Ndiyo maana programu ilikuwa inafika seva vizuri huku logi ikidanganya.

Kumbe hapo ilikuwa nafuu. Wakamtuma mwerevu mwingine, akaiona 20480, akaamua "kurekebisha": akaongeza htons, kinyume cha ntohs, kwenye sin_port. Ikageuzwa mara ya pili, na sasa programu inapiga 20480 kwelikweli! Faiawoli inairuhusu ipite, upande wa pili hakuna anayesikiliza. Logi wala hakuigusa.

Halafu wakaihamishia kwenye konteina (boksi la kuendeshea programu) ya Debian ile nyembamba, Linux iliyopunguzwa. Humo hamna /etc/services, faili lenye orodha ya huduma na poti zake, kwa sababu pakiti ya netbase haijawekwa. getservbyname ikarudisha NULL, yaani hakuna kitu, na wao hawakuiangalia, wakaenda moja kwa moja kuchukua s_port. Programu ikafa papo hapo. Mstari mmoja wa if umewashinda watu wenye vyeti ukutani!

Sitaki hata kuanza habari ya nyuzi kadhaa (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja ndani ya programu moja) kuita getservbyname, inayorudisha kumbukumbu ileile kila mara.

getaddrinfo, fanksheni mpya zaidi ya kazi hiyo, imo kwenye POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) tangu 2001. Ipe "80" kama maandishi, haihitaji /etc/services, na poti inakaa mahali pake ikiwa tayari. Hamkuiona?

Na jana wameleta ankara ya "matengenezo". Nimeirudisha. Waje kwanza wafunge 20480.