Tupeane uzoefu: ulishaona wapi ukali wa maadili ukaharibu jambo lililohitaji busara tu?

Mjumbe Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Hili jambo nimekaa nalo moyoni miaka mingi, leo nalimwaga hapa. Mwaka 2013 nilikuwa mjumbe wa bodi ya shule, sekondari ya kata, mkoa sitautaja. Kikao kilikuwa na ajenda tatu: taarifa ya mkuu wa shule, mchango wa chakula, na mengineyo. Kwenye mengineyo ndiko kulikoibuka habari ya binti wa kidato cha tatu, mjamzito.

Makande yalitula saa nzima na ushee. Debe la mahindi kwa kila mtoto au pesa taslimu? Maharage nani atayapima? Mjumbe mmoja alikuja hadi na kopo lake la mfano, akawa anatuonyesha kopo likijazwa kwa lundo na likifutwa juu kwa kiganja tofauti yake ni kiasi gani. Watu walisimama, mmoja akasusa akatoka, akabembelezwa akarudi.

Ya binti yalichukua dakika nane. Nina hakika, maana nilikuwa naangalia saa nisikose gari la mwisho. Mwalimu wa nidhamu akasoma barua. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye maoni. Mzee mmoja akasema tukililea hili shule itageuka wodi ya wazazi, tukacheka. Mikono ikanyooshwa, na wangu ukiwemo.

Natoka nje, namkuta mama yake kwenye benchi. Kanga moja kajifunga, ya pili kafungia madaftari ya binti, yote, hadi yale ya kidato cha kwanza. Aliambiwa arudishe mali za shule, naye akadhani madaftari yamo. Hakuna aliyemwambia ni vitabu tu. Hata mimi sikumwambia. Nilimsalimia, nikawahi gari.

Baadaye sana nikazisoma zile kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 tulizokuwa tukizitaja kama msahafu. Neno mimba halimo. Kuna kosa dhidi ya maadili, kuna kufunga ndoa, na inasemwa mwanafunzi *anaweza* kufukuzwa. Sisi tulisoma *lazima*.

Kinachonisumbua ni kwamba siku ile tulijadili kitu kimoja tu, kama ni vibaya au si vibaya. Na kwamba ni vibaya kila mtu alikuwa anajua kabla hajatoka kwake. Binti anaamkia wapi kesho, mtoto akizaliwa yeye anarudi vipi, aliyempa mimba ni nani, hayo hayakuulizwa hata kwa bahati mbaya.

Haya, tupeane uzoefu. Mahubiri sitaki, nataka yaliyokukuta.

---

Kijana wa Kona

Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

---

Mama Wawili

Mleta mada, umeniliza. Mimi ndiye yule wa kwenye mengineyo, ingawa si wa shule yenu.

2009, kidato cha pili. Kila tukifungua shule tunapangwa foleni, matroni anakubonyeza tumbo, anaandika jina, anaita mwingine. Mlango wenyewe haufungi vizuri, wa nyuma yako anachungulia. Unajua tulichojifunza pale? Kubana pumzi. Wakubwa waliwafundisha wadogo jinsi ya kulikaza tumbo. Rafiki yangu alivyojihisi hakumwambia mtu, alikunywa mizizi aliyopewa na mtu asiyemjua, tukambeba usiku kwenye baiskeli. Alipona. Kilichompeleka kwenye ile mizizi ni ile foleni, hilo halina ubishi.

Sasa mimi. Mkuu wetu wa shule alikuwa mzee wa kanisa, mkali, fimbo yake ilikuwa na jina. Nilijua nimekwisha. Akamwita baba, wakakaa ofisini muda mrefu, mimi nje. Kumbe habari yangu hakuipeleka bodini kabisa. Aliandika barua ya uhamisho kwenda mkoa aliko shangazi, sehemu ya tarehe akaiacha wazi. Akamwambia baba, "Mzee, tarehe utajaza mwenyewe mtoto akishaacha kunyonya."

Shangazi akakaa na mwanangu, nikarudia kidato cha pili kule. Leo mimi ni mtaalamu wa maabara, damu yako inaweza kupita mikononi mwangu na usijue.

Ila mpaka leo sijui nimwekee kundi gani yule mzee. Kwenye karatasi alidanganya. Angebainika, kazi ingeota mbawa. Na baada ya Juni 2017, Rais Magufuli aliposema pale Chalinze kwamba aliyezaa harudi shule, sidhani kama kuna mkuu wa shule ambaye angethubutu tena. Ndiyo maana Novemba 2021 ulipotangazwa ule utaratibu wa kurudi, ukaja na Waraka wa Elimu Na. 2, aliyezaa akapewa miaka miwili ya kujipanga arudi, nilimpigia simu yule mzee. Kastaafu, anafuga nyuki. Akaniuliza tu mtoto yuko darasa la ngapi.

---

Msema Kweli Daima

Naona uzi unaelekea kule kule, maadili ni adui, busara ndiyo malaika. Ngoja niwachafulie hali ya hewa.

Mtaani kwetu mtu mzima, ana mke na duka, alimharibia maisha binti wa darasa la saba. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30. Unadhani alifungwa? Wazee walikaa. Neno lililotumika usiku mzima lilikuwa hilo hilo lenu: *busara*. "Tutumie busara, tusivunje familia mbili." Nilikuwepo, nilikuwa naleta chai. Baba mtu akapewa ng'ombe wawili na pesa ambayo sikuiona kiasi chake. Kesi ilipoitwa, binti akasema hamjui aliyempa mimba. Mtu yule bado anauza dukani kwake, tunanunua kwake sukari.

Kwa hiyo mkinisikia napiga kelele za maadili mjue natokea wapi. Angepatikana mtu mmoja pale wa kusema "hii ni dhambi na ni jinai", bila kuangalia sura ya mtu, yule binti angepata haki.

---

Mjumbe Mstaafu

@Msema Kweli Daima mkuu, hapa umenikamata, na sitakupinga kwa ajili ya kupinga.

Ila hebu tazama. Wale wazee nao hawakuuliza binti anaamkia wapi kesho. Wao waliokoa sura zao na duka la yule bwana, sisi tukaokoa jina la shule. Kwenu wakaiita busara, kwetu tukaiita maadili, na binti kabaki nje kote kote. Nilivyofundishwa na marehemu babu yangu, mwenye busara ndiye anayeanza na aliyeumia. Yule aliyekuwa na ng'ombe wawili wa kutoa hakuwa ameumia.

Halafu, ni mawazo yangu tu, hao wazee wangepata wapi nguvu ya kukaa usiku kucha wakijadiliana bei kama binti asingekuwa tayari ameshafukuzwa na mama yake hana uso wa kutoka nje? Aibu ndiyo iliyomshusha bei.

---

Msema Kweli Daima

Hapo kwenye bei nimekuelewa. Naendelea kusoma.

---

Kaka Mtu

Yangu ni ya unga, namaanisha dawa za kulevya. Mdogo wangu alikuwa teja miaka saba, Dar.

Mtaa wetu kulikuwa na pagale ndiyo maskani yao. Kero ilikuwepo, sibishi, kuibiwa ndoo na nyaya za umeme ilikuwa kawaida. Mkutano wa mtaa ukaitishwa, kila aliyesimama anashindana na mwenzake kuwalaani: wanaharibu watoto, laana, waondoke. Palipigwa makofi utadhani mechi. Usiku ule ule pagale likachomwa.

Wiki haijaisha sindano zikaanza kuonekana nyuma ya choo cha shule ya msingi. Kumbe kulikuwa na dada mmoja, mwelimishaji rika, alikuwa anakuja pale pagaleni kila Jumanne, anawajua kwa majina, yupi anakohoa, yupi kaanza kufikiria kuacha. Alikuja Jumanne ile akakuta majivu. Aliwatafuta wiki tatu. Alimkuta mdogo wangu chini ya daraja. Mwenzake waliyekuwa wanalala naye hakumkuta tena.

Yule dada ndiye aliyetupeleka kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayomsaidia teja kuacha heroini. Kwa wasiojua, Muhimbili ilianza huduma hiyo Februari 2011, ikafuata Mwananyamala. Dawa ni bure. Unakunywa kila siku mbele ya nesi, ukimaliza anakusemesha kidogo, "umelalaje?", ili ajue umemeza, hujaificha mdomoni ukaiuze nje. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti nikisubiri mtu amhubirie mdogo wangu. Nilishajiandaa kuitikia "ndiyo kabisa dokta". Hakuna aliyehubiri. Waliuliza: mara ya mwisho ulitumia lini, unalala wapi, nauli ya kuja kila siku unaitoa wapi?

Hiyo nauli ndiyo ilikuwa mtihani wenyewe. Mama aliuza cherehani. Jirani aliyepiga makofi kuliko wote kwenye ule mkutano ana bodaboda, na ndiye aliyekuja kumbeba dogo asubuhi kwa miezi minne bila kudai hata mia. Watu bwana.

---

Mwana Nyalenda

Mimi ni wa Kisumu, Kiswahili changu mtanisamehe.

Mamangu alikuwa mama pima, yaani muuza chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Chang'aa ilipigwa marufuku 1980, kwa hivyo nilizaliwa nikakuta tayari ni haramu, na karo yangu yote imetoka kwa hiyo haramu. Chifu wetu kwa baraza alikuwa moto, ulevi unaua jamii, akina mama wa chang'aa ni aibu. Ijumaa jioni askari wake anapitia kwetu kuchukua pesa zake. Mama alikuwa anazifunga kwa karatasi ya daftari langu la hesabu.

Watu wa zamani kama mama walikuwa na utaratibu. Alikuwa anamwaga kidogo kwa kijiko, anawasha kiberiti, anaangalia moto. Mtu akizidisha anakatazwa, anaambiwa nenda kwa watoto. Alikuwa anajua nani ana kidonda cha tumbo. Lakini msako ukizidi, mtu kama huyo ndiye anaacha kwanza, maana ana nyumba inayojulikana. Wanaobaki ni wale hawana anwani, wanapika haraka haraka na wanaongeza vitu. Mei 2014 mliona wenyewe habari za Embu, Kiambu na kwingine, methanoli, pombe ya sumu, watu wanakufa na wengine wanapofuka.

Sheria ya 2010 ilikuwa imejaribu akili ingine, chang'aa iruhusiwe lakini ipimwe, iwe kwa chupa na lebo. Kwa karatasi ni poa. Mama akauliza, chupa na lebo na laiseni ni pesa ngapi? Akaenda kuuza omena.

Sisemi pombe ni nzuri. Babangu ilimmaliza. Nasema tu chifu hakuwahi kuuliza mama angependa kufanya kazi gani.

---

Babu wa Gerezani

Vijana mnaongea mambo ya juzi. 1969, Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga vita mavazi ya kigeni. Sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, dawa za kujichubua, vyote si utamaduni wetu. Vijana wa TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama cha TANU, wanasimama kituo cha basi wanatazama magoti ya watu. Dada yangu alikuwa karani wa kupiga chapa. Akawa anatoka nyumbani kajifunga khanga hadi kwenye fundo la mguu, akifika ofisini anaingia chooni, anaitoa, sketi ndiyo hiyo hiyo. Jioni khanga inarudi. Alibeba ile khanga kwenye mkoba hadi ikachakaa kwenye mikunjo.

Kijana mmoja wa pale kituoni alikuwa mkali kuliko wenzake. Ndiye aliyekuja kumuoa. Shemeji yangu huyo, tulimzika vizuri.

---

Kijana wa Kona

😂😂 Babu!! Karanga zimenipalia.

@Kaka Mtu samahani, dogo yukoje sasa?

---

Kaka Mtu

Yupo. Alirudi nyuma mara moja, akaanza upya, anaendelea kushushiwa dozi. Anauza maji ya kunywa stendi. Bado kuna nyumba mtaani hawampi mkono.

---

Mama Wawili

@Mjumbe Mstaafu yule binti wa madaftari mlijua alipoishia?

---

Mjumbe Mstaafu

Aliolewa mbali, ndicho ninachokijua. Mama yake namwona gulioni, anauza dagaa. Nikinunua ananizidishia, na hiyo nyongeza huwa inanishinda kula.

Nimerudi kwenye kamati mwaka huu, safari hii ya shule ya msingi. Jumamosi tuna kikao. Kuna mtoto wa darasa la sita kakutwa anavuta gundi, na mkuu wa shule kanitumia ajenda leo mchana: 1. Kufungua kikao. 2. Chakula cha wanafunzi. 3. Mengineyo.

Nimemjibu naomba ya mtoto iwe namba mbili, na mama yake aingizwe ndani, asikae kwenye benchi. Tiki mbili za bluu. Bado hajajibu.