Kiuno kinanikata mpaka mguuni, madereva wenzangu munafanyaje?

dereva_116
Asalam alaykum. Mie nipo gari ya Nungwi mwaka wa nane huu, natoka alfajiri narudi isha, sasa tokea Ramadhani kiuno kinanikata kinashuka takoni mpaka kwenye wayo wa kushoto, na mguu wenyewe ndo wa klachi. Nikishuka garini sinyooki mpaka nishike mlango kwanza. Mke wangu ananichua kwa mafuta ya karafuu, usiku napata nafuu asubuhi yaleyale, vidonge nishameza mpaka tumbo linawaka. Kupumzika ndo siwezi, tajiri anataka hesabu yake kila siku

mpemba_wa_wete
Waalaykum salaam, pole sana kaka. Waleti unaweka wapi? Mie nilikuwa naikalia mfuko wa nyuma, tako moja juu moja chini kutwa nzima, itoe leo leo. Halafu tazama siti, sponji ikishabonyea magoti yanapanda juu ya nyonga na kiuno kinajikunja. Yangu nilipeleka kwa fundi makochi akatia sponji ngumu. Isogeze mbele, ukikanyaga klachi mpaka mwisho goti libaki limepinda kidogo, na taulo ukunje uweke hapo penye uwazi wa kiuno

bi_mazoezi
Mwanangu, mie kazi yangu mazoezi ya viungo hospitali, madereva nawaona sana. Baina ya pingili za mgongo kuna visahani laini, ukikaa muda mrefu na gari inakutikisa vinabanwa, kimoja kikitokeza kikagusa mshipa wa fahamu ndo maumivu yanateremka mguuni hivyo. Kila ukifika mwisho wa ruti shuka utembee japo dakika tano, na usinyanyue mzigo hapo hapo ulipotoka kwenye sukani. Vidonge usiendelee navyo kama tumbo linawaka. Mguu una nguvu? Na mkojo vipi, au ganzi sehemu za siri? Mkojo ukigoma au ganzi ikiingia huko, hata moja tu kati ya hayo mawili, ni hospitali saa hiyohiyo hata iwe usiku

dereva_116
Mkojo alhamdulillah mzima na ganzi huko hakuna. Ila mizigo kweli, nikifika tu namsaidia konda kushusha viroba vya mchele. Na kidole gumba siku hizi hakinyanyuki vizuri nilidhani uchovu

bi_mazoezi
Huo si uchovu, mshipa umebanwa. Usingoje wiki iishe, nenda hospitali ya Mnazi Mmoja wakupime mguu

dereva_116
Nishaongea na tajiri, kanuna lakini kakubali. Kesho gari anashika deiwaka mie nakwenda