Naomba ushauri: nimepewa zamu ya kuitetea St. Anger ya Metallica, nami ndiye niliyeizika

Mleta mada

Wanajamvi, habari za jioni. Sisi ni marafiki watano tunaokutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kusikiliza albamu moja, mwanzo hadi mwisho, bila mtu kushika simu, na mwenye zamu ndiye anayeieleza na kuitetea. Mwezi huu zamu ni yangu, na wenzangu kwa makusudi wamenichagulia St. Anger, ambayo Metallica, bendi ya muziki wa metali ya Marekani, waliitoa Juni 2003, kwa kuwa wanajua kwamba ndiyo iliyonitenga na bendi hiyo kwa miaka kadhaa. Nakala yangu niliinunua kwa fedha ya nauli, nikaisikiliza mara mbili, kisha ikaishia shambani kwa mama mdogo, ikining'inia kwenye kamba juu ya mtama ili kufukuza ndege.

Wiki hii nimeisikiliza upya mara tatu. Kuna mahali imenigusa ambapo haikunigusa zamani, hasa sauti ya mwimbaji James Hetfield inapokwaruza na kupotoka bila mtu kuinyoosha. Hata hivyo ile ngoma bado inanigonga kichwani, hakuna solo la gitaa hata moja, yaani pale gitaa linapotamba peke yake, na dakika 75 ni nyingi mno. Je, niipige yote kama ilivyo, au nichague nyimbo? Na nianzie wapi maelezo yangu bila kusema nisichokiamini?

Mgonga Ngoma

Ndugu mleta mada, anza na hiyo ngoma, kwa sababu ndiyo watakayokuuliza kabla hujameza mate. Chini ya ngoma ndogo ya katikati hukazwa nyaya nyembamba zinazogusa ngozi, nazo ndizo zinazoupa mlio ule ukali mkavu unaokatika mara moja. Ubavuni kuna kiwiko kidogo cha kuzilegeza. Katika albamu hii mpiga ngoma wao Lars Ulrich alirekodi nyaya zikiwa zimelegezwa, kwa hiyo kila pigo linabaki likilia kama debe tupu lililodondoka kwenye sakafu ya saruji. Si kosa la spika zako. Waeleze wenzako hivyo mapema, punguza kidogo sauti za juu, kisha waache. Sikio huizoea ifikapo wimbo wa tatu. Langu liliizoea, ingawa nakiri kwamba mimi hupenda milio ya ajabu.

Dada wa Sinema

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma: nilitazama kwanza filamu ya Some Kind of Monster ya mwaka 2004, ndipo nikaitafuta albamu, na ninakushauri ufuate njia hiyo hiyo hata kama wenzako hawataiona. Mpiga besi Jason Newsted alijitoa Januari 2001. Julai mwaka huo huo Hetfield akaenda kutibiwa ulevi, kazi ikasimama, na aliporudi alikubali kufanya kazi kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi tu, jambo lililomuudhi sana Lars. Kwa kuwa hapakuwa na mpiga besi, prodyuza Bob Rock akalishika besi mwenyewe, na mashairi, ambayo zamani yalikuwa mali ya Hetfield, yakaandikwa na wote wanne, Rock akiwemo.

Kuhusu solo, zingatia jambo moja. Mpiga gitaa Kirk Hammett anaonekana katika filamu akiwaeleza wenzake, kwa upole wake ule, kwamba kuziondoa solo ndiko kutakakoifanya albamu ifungwe kwenye kipindi kile. Hakusikilizwa. Leo ukiisikiliza unajua mara moja kwamba ni ya miaka ile.

Mzee wa Kaseti

Dada yangu, historia yako ni sahihi, lakini ugomvi wa jikoni hauivishi maharage. Ninamwonya mleta mada asisimame mbele ya watu na kusema kwamba albamu hii ni mbichi na ya kweli, kama wanavyosema watetezi wake wengi siku hizi. Bendi ilipiga kwa saa nyingi bila mpango, kisha vipande vikakatwa na kuunganishwa kwenye kompyuta hadi vikawa nyimbo. Ndiyo maana wimbo kama Invisible Kid unazunguka zaidi ya dakika nane ukirudia mambo yale yale: hakuna aliyekaa akauliza unakwenda wapi. Sauti ni ya gereji, lakini ushonaji wake ni wa kompyuta.

Kwa upande mwingine, nakiri kwamba sisi wa zamani tuliipokea tukiwa tayari na kinyongo. Mwaka 2000 bendi ilikuwa imeishtaki Napster, huduma ya mtandaoni ambako watu walipeana nyimbo bure, na wengi tulitaka tu sababu ya kukasirika zaidi. Hata tuzo ya Grammy ya 2004, ambayo wimbo wenye jina la albamu uliipata, ilituongezea hasira badala ya kutupoza.

Kijana wa Besi

Shikamoo, Mzee. Kaka mleta mada, mimi ningechagua sita kwa mpangilio wa albamu yenyewe: Frantic, St. Anger, Dirty Window, Sweet Amber, The Unnamed Feeling na All Within My Hands. Jumla ni kama dakika 40, na kwa urefu huo malalamiko mengi hupungua yenyewe. Kama utapata toleo lenye DVD, waonyeshe bendi ikifanya mazoezi ya nyimbo hizo hizo na mpiga besi mpya Robert Trujillo, ambaye alichukuliwa baada ya kazi ya kurekodi. Utasikia jinsi nyimbo zilivyokuwa zikihitaji besi lenye mwili.

Kisha malizia na jambo ambalo wengi hawalijui. All Within My Hands, unaofunga albamu kwa Hetfield kupiga kelele akirudia neno "kill", yaani ua, ndio ulioipa jina taasisi ya hisani ya bendi mwaka 2017, na mwaka uliofuata waliupiga San Francisco kwa magitaa yasiyo ya umeme, polepole, kwa sauti za kuitikiana. Piga matoleo yote mawili, moja baada ya jingine, usiseme neno.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Mzee, nimekuelewa, neno "mbichi" nimelifuta kwenye maelezo yangu. Nitaomba ruhusa ya kuvunja kanuni yetu ya mwanzo hadi mwisho, nipige zile sita, kisha toleo la 2018. Jana usiku nililijaribu pamoja na binti yangu, naye alikataa katakata kwamba huo ni wimbo mmoja.

Nimempigia pia mama mdogo kuulizia nakala yangu. Alicheka, akasema ilining'inia misimu miwili, lakini ule wa pili ndege walikuwa wameshaizoea, wakawa wanatua juu yake.