Naomba ushauri: SQLAlchemy moja, kanzidata mbili

Wakuu, habari za majukumu. Nina programu ya Python ya stoo ya duka la vipuri. Laptopu ya dukani inatumia kanzidata ya SQLite, seva inatumia ya MySQL. Nilichagua SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuwasiliana na kanzidata, ili niandike kweri (maombi ya data) mara moja, yenyewe itoe SQL (lugha ya kanzidata) ya kila upande. Kusoma data hakuna shida.

Kimbembe ni kuingiza bidhaa ambayo huenda ipo tayari, ibadilike idadi tu. insert() ya kawaida, yaani amri ya SQLAlchemy ya kuingiza data, haina njia hiyo. Ya SQLite ina on_conflict_do_update, nami naitajia kolamu ya kipekee (isiyoruhusu thamani kujirudia). Ya MySQL ina on_duplicate_key_update, haiulizi kolamu. Basi nimejaza "if" kila faili ili kuchagua kati ya hizo mbili. Juzi nilisahau moja, mauzo ya siku nzima hayakupanda kwenye seva. Iliniuma sana, maana mwenye duka ananiamini.

SQL yenyewe naichungulia kwa compile(dialect=mysql.dialect()), imenifaa mno.

Je, niweke fanksheni moja inayosoma engine.dialect.name (jina la aina ya kanzidata inayotumika) na kuchagua insert, au niandike kijenzi changu kwa @compiles (njia ya SQLAlchemy ya kujiamulia SQL ya kila kanzidata)? Na kwenye majaribio, mnaendesha kanzidata zote mbili? Waliopitia haya naombeni mnisaidie.